Msimu wa Betri Moja

Jumatatu, 6 Machi

Mvua imeanza asubuhi, kamera imefika mchana. Vyote viwili tulikuwa tukivisubiri, ila mvua haikuja na kijitabu cha maelezo.

Kamera ni zawadi ya mkwe wangu, karani katika ghala la vyombo vya umeme. Ni nyembamba, inaenea kiganjani. "Baba, hii haili filamu," alisema akivua koti lililolowa, "inakula betri tu. Ukiwasha inakula, ukitazama picha inakula, ukisahau kuizima inakula zaidi. Ichukulie kama mgeni mwenye njaa."

Nilivipanga vilivyomo kwenye boksi juu ya meza ya kukatia vitambaa, ambayo binti yangu huiita ofisi: kamera, betri moja bapa, chaja, waya, mkanda wa kuvaa mkononi, kimfuko cheusi, kitambaa laini cha kufutia kioo na kijiti cha miguu mitatu cha kuisimamishia. Kijitabu kimeandikwa kwa lugha kumi na mbili na yetu haimo. Haidhuru. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha chapa mpaka nikastaafu. Nimezoea kusoma yasiyoandikwa kwa ajili yangu.

Nieleze mzee kama mimi anataka kamera ya nini. Alhamisi dada yangu anakuja kutibiwa macho. Sijamwona tangu fujo iliponitoa kwetu nikiwa kijana. Wenzangu walikimbia na godoro, na sufuria, mmoja alikimbia na mlango wa nyumba yake. Mimi nilikimbia na kamusi. Picha hakuna aliyezikumbuka. Baadaye kulitulia, dada akarudi kwenye kiwanja chetu, simu zikafika, tukawa tunazungumza. Lakini sura ya mtu wa nyumbani sina hata moja, ya baba, ya mama, wala yake. Safari hii haondoki kabla sijapata yake.

Alhamisi, 9 Machi

Amefika. Alishuka kwenye basi ameshika bega la mpakuaji mizigo na kumpa amri kama mjukuu wake.

"Yuko wapi mdogo wangu?"

"Niko hapa, Dada."

"Kohoa."

Nikakohoa. Akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Sauti imezeeka, kikohozi ni kilekile. Njoo."

Alinipapasa uso mzima, mbele ya abiria wote, kama mtu anayechagua tikiti maji. Macho yake yana ukungu wa mtoto wa jicho; anaona mwanga na vivuli, basi. Alipomaliza kunikagua nikatoa kamera. Ikalia tii.

"Hicho kinacholia ni nini?"

"Kamera. Simama hivyohivyo."

"Izime. Sipigwi picha nisiyoweza kuiona. Nitajuaje kama umenikata kichwa?"

"Sitakukata."

"Ndivyo kinyozi alivyosema nawe ukarudi na kovu. Macho yangu yakipona, nikakiona hicho kidude kinafanya nini, utanipiga. Siyo kabla."

Tumekubaliana hivyo, tukiwa tumesimama kwenye tope.

Ijumaa, 10 Machi

Dada amekagua boksi la kamera kwa mikono. Hakuuliza kitu, alishika kimoja kimoja na kukigawia kazi. Kitambaa laini: "Hiki kitanifaa kufutia machozi, haya macho yanatiririka." Kimfuko: chupa zake za dawa ya matone zinaingia humo barabara. Mkanda umekwenda kwa binti yangu. Amefunga mkasi wake mkubwa, ambao kila siku ulikuwa ukipotea chini ya vipande vya nguo. Ile miguu mitatu mkwe ameichukua asimamishie tochi umeme ukikatika.

"Sasa kamera yangu imebaki uchi," nikasema.

"Ina betri," akajibu dada. "Mtu mwenye roho hayuko uchi."

Jumanne, 14 Machi

Mvua. Nimepiga picha tatu za mvua. Zote hazionyeshi mvua.

Jumapili, 19 Machi

Nimegundua jambo, na aibu yake ni yangu. Kila jioni nimekuwa nikitoa betri na kuilaza kwenye kisahani, kama nilivyofanya na betri za redio miaka yote, ili isiishe bure. Raha ya moyo ilikuwa kubwa: kila nikiirudisha asubuhi nahisi nimeokoa kitu. Leo mkwe alitaka kuona picha ya cherehani mpya, akatazama tarehe chini yake na kukunja uso.

"Baba, hii ulipiga lini?"

"Jana."

"Hapa imeandikwa Januari mosi. Na hii? Januari mosi. Na mvua hii yote? Januari mosi."

Kumbe kamera ikinyimwa betri usiku kucha husahau siku. Inaamka haijui iko wapi katika mwaka, inaanza upya. Mtu aliyesahihisha tarehe za watu maisha yake yote, mwenyewe ana picha za wiki mbili zilizotokea siku moja.

Dada aliposimuliwa alifurahi kupita kiasi. "Unakitoa roho kila jioni halafu unashangaa kimepotewa. Wewe pia ulipotoka kwetu ulisahau siku. Kila nikikuuliza utakuja lini unaniambia mvua zikikatika. Mvua za mwaka gani?"

"Tutaangalia, Dada."

"Angalia basi, wewe mwenye macho."

Kuanzia leo betri inalala ndani ya kamera.

Jumatano, 22 Machi

Hospitali. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, dada amevaa gauni lake zuri. Muuguzi akampima presha, akatikisa kichwa. Iko juu, hawezi kupasuliwa. Arudi baada ya wiki mbili, apunguze chumvi.

"Chumvi gani?" dada akauliza kwa sauti ya mtu asiyewahi kuisikia.

Njiani akasema, "Naona hata mimi nina vile vipande vya chaji kama betri yako. Ila vyangu vimezidi."

Jumamosi, 25 Machi

Binti yangu amekuta kopo la chumvi chini ya mto wa shangazi yake. Shangazi mwenyewe anadai halikuwa kopo.

Jumanne, 4 Aprili

Siku nne mfululizo bila jua. Nguo za wateja hazikauki, nyumba nzima inanuka pasi ya moto. Umeme unakuja na kwenda. Nimejifunza tabia ya betri: ikionyesha vipande vitatu vya chaji kwenye kioo ni kweli, ikionyesha viwili ni kweli kwa muda, ikionyesha kimoja inadanganya. Haishuki polepole kama mafuta ya taa. Inakaa, inakaa, halafu inakuacha.

Nimewapiga picha wote wa nyumba hii isipokuwa mmoja. Binti yangu akiwa na pini mdomoni. Mkwe amelala na gazeti usoni. Jirani yetu fundi viatu, ambaye huja kila alasiri kubishana na dada kuhusu jambo lolote lile na kushindwa. Dada huketi kando, uso ameuelekeza sauti ilipo, na mimi hukumbuka ahadi. Leo alikuwa akicheka, mwanga wa dirisha ukiwa upande wake wa kushoto, kamera mkononi mwangu imewashwa. Angejuaje?

Nikaizima. Ikalia tii.

"Asante," akasema dada bila kugeuka.

Alhamisi, 6 Aprili

Presha bado iko juu. Wiki tatu nyingine. Safari hii hakuna aliyetania. Dada alishika mkono wangu kwenye ngazi na akauliza, kwa sauti ya chini, kama ikishindikana kabisa nitajisikiaje. Nikasema haitashindikana. "Sikukuuliza hilo," akasema.

Mwezi ujao maharage yake yataanza kukauka shambani, na hakuna wa kuyang'oa. Ametuambia wazi kwamba ukifika wakati huo, anapanda basi, akiona asione.

Jumatatu, 17 Aprili

Chakula bila chumvi, kila mtu, kwa mshikamano. Mkwe anasema anakula makala ya gazeti.

Jumapili, 23 Aprili

Dada anatembea kila asubuhi kutoka cherehani hadi mlango wa nyuma na kurudi, mkono ukutani, akijihesabia mizunguko kwa majina ya wajukuu zake. Fundi viatu amemtengenezea kandambili zisizoteleza. Alimpa akisema zilikuwa za mteja aliyehama. Ni mpya kabisa, na ni kipimo chake. Nimeacha kumwona mtu huyu kama mbishi.

Jumatano, 26 Aprili

Presha imeshuka. Muuguzi aliipima mara mbili asiamini. Wamempasua jicho la kulia. La kushoto litangoja mwaka mwingine.

Alhamisi, 27 Aprili

Walipotoa bandeji nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, kamera mfukoni, vipande vitatu vimejaa. Daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, alimwambia afungue jicho taratibu. Dada akafungua. Akatazama pazia. Akatazama mkono wake, mbele na nyuma. Kisha akanitazama mimi, kwa muda.

"Daktari," akasema, "huyu mzee ni wa wodi hii?"

Daktari aliinama kuficha kicheko. Mimi sikuficha chochote. Nilitoa kile kitambaa chake laini nikakitumia mwenyewe.

Nikashika kamera. Daktari akaniona. "Mzee, taa ya hiyo mashine hapana. Jicho halitakiwi kumulikwa wiki nzima, na hii kinga ya plastiki nitakayolifunika haitoki mpaka nilikague Alhamisi ijayo."

"Bila taa?"

"Na mimi sijakiona kidude chenyewe kinafanya nini," dada akaingilia. "Tulikubaliana. Kwanza nione, ndipo nionwe."

Alhamisi ijayo basi. Na tiketi yake ni ya Ijumaa alfajiri.

Jumatano, 3 Mei

Dhoruba mchana. Nguzo ya umeme imelala barabarani karibu na ghala la mkwe, na upande wetu wote wa mji uko gizani. Wanasema mafundi watafika kesho au keshokutwa. Nilikuwa niiweke betri kwenye chaja leo jioni. Inaonyesha vipande viwili.

Alhamisi, 4 Mei

Nataka kuandika haya vizuri kwa sababu yametokea leo tu na tayari nahisi yakijipanga kama yanavyomfaa msimuliaji.

Daktari ameridhika. Ameondoa kinga, amesema jicho limepona, dada avae miwani ya jua njiani na asiiname kung'oa kitu kizito. "Maharage si mazito," akamjibu. Tulirudi nyumbani saa nane mchana. Umeme haukuwepo. Mkwe alikuwa ameizunguka mitaa yote na chaja mfukoni. Hata wenye jenereta walikuwa wameishiwa mafuta. Mvua ilikuwa imetulia, mwanga mzuri umeingia chumba cha mbele mpaka kwenye cherehani.

Nikamketisha dada dirishani. Nikawasha kamera. Vipande viwili.

"Sasa," nikasema.

"Sasa nionyeshe."

"Dada, betri ni kidogo. Tukianza kutazama tutaimaliza, na basi lako ni alfajiri. Nipige kwanza, moja tu, halafu utazame mpaka ichoke."

"Ulikubali nini kwenye lile tope?"

"Nilikubali."

"Basi nionyeshe mmoja. Binti yako."

Nikamwonyesha. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na jicho lake jipya. Miezi miwili alikula chakula cha huyu mtoto, akasukwa nywele naye, akanyang'anywa chumvi naye, na sura yake alikuwa anaijua kwa vidole na kivuli tu. Binti yangu alikuwa amesimama palepale, mzima, lakini dada alitaka huyu wa kwenye kioo. "Huyu amekaa kimya," akasema. "Naweza kumtazama bila yeye kuniuliza kama nimekunywa dawa." Akaona pini mdomoni. "Kumbe ndiyo maana hujibu kwa mguno. Mimi nilidhani ana kiburi."

"Shangazi," binti yangu akasema.

"Niliishakusamehe. Nionyeshe mwingine."

Kipande kimoja.

Mtu anaweza kuzima kamera. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe chenyewe. Ningesema imekata, angeniamini. Mimi ndiye mwenye kujua tabia zake. Kisha ningesubiri, ningeiwasha tena kwa ujanja, na ningekuwa na picha ya dada yangu. Nilimtazama. Alikuwa amefungua mdomo kidogo kama mtoto anayeanza kusoma, na jicho lake moja lilikuwa likikimbia kutoka kona hadi kona ya kioo, lisiache kitu.

Nikabonyeza mshale.

Mkwe na gazeti usoni: "Huyu hajabadilika." Fundi viatu: alimtazama kwa kirefu, akashusha kamera, akasema, "Mbona si mzee kama anavyobishana?" Fundi mwenyewe, aliyekuwa mlangoni, aligundua ghafla kwamba ana kazi dukani. Picha za mvua. Mafundo ya uzi sakafuni. Kopo la chumvi, ushahidi wa binti yangu. Kila picha aliitazama kama nyumba anayoingia, akitafuta pa kukaa.

Kisha ikaja moja niliyoisahau. Binti yangu aliipiga kimyakimya: mimi, mezani, nimeinamia kijitabu cha maelezo, kalamu nyuma ya sikio, kidole kwenye mstari. Dada aliinamia kioo. Akaisogeza karibu zaidi. Akaishusha mapajani, akainyanyua tena.

"Baba," akasema.

Nilidhani ananiita kwa utani.

"Hivi ndivyo baba alivyokuwa akiinama kusoma barua za watu. Kalamu hapo hapo. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilidhani hakuna aliyebaki naye." Akagusa kioo kwa kidole. "Kumbe alikuja huku."

Kioo kikazimika. Kamera ikalia, ikarudisha lenzi yake ndani na kunyamaza. Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Hakuna.

Watu wote chumbani walinitazama mimi, na mimi nilishangaa kukuta sina huzuni ya kuwaonyesha.

Ijumaa, 5 Mei

Kituoni kulikuwa na taa za magari tu. Dada alivaa miwani ya jua alfajiri, kwa utiifu, akalisoma jina la basi kwa sauti, herufi kwa herufi, ili dereva na abiria wote wajue anaweza. Akaniomba kamera. Nikampa, nikidhani anataka kuishika mara ya mwisho. Akafungua kifuniko cha chini kwa ukucha, akatoa betri, akanirudishia kamera.

"Dada, hiyo haifai kitu bila hii."

"Na hiyo haifai bila hii. Nimeona na nimeridhika. Nipige sasa."

"Nitakupigaje?"

"Kwangu umeme upo. Njoo na chaja." Akaitia betri kwenye kile kimfuko cheusi, pamoja na matone yake, akafunga. "Usiniambie mvua. Mvua nimeiona mwenyewe, imekatika."

Akapanda. Akatupungia mkono dirishani, akituelekea sisi hasa, siyo watu wa kando. Umeme ulirudi mjini saa tatu asubuhi.

Jumapili, 14 Mei

Amepiga simu. Maharage ni mazuri. Jirani yake amenenepa, na hakuna aliyekuwa amemwambia Dada. Betri ameiweka kabatini juu ya vikombe. "Kila nikipita naisalimu," akasema, "lakini haijibu, nadhani imenuna. Inamngoja mwenyewe."

Nikamuuliza kiwanja kiko vipi. Akasema njoo utazame. Nikamuuliza barabara. Akasema imewekwa lami, wewe una visingizio vya barabara ya zamani. Hakuna aliyecheka kwanza, tulicheka pamoja.

Jumatano, 24 Mei

Jua la tatu mfululizo. Binti yangu anakunja nguo za wateja zilizokauka sawasawa. Amesema, bila kuinua kichwa, "Baba, betri kama ile sokoni zimejaa. Nitakununulia nikipita."

"Sijaziona zinazolingana."

"Hujaenda kutazama."

"Ndiyo maana sijaziona."

Akaniangalia, pini mdomoni, na kwa mara ya kwanza niliuelewa mguno wake wote.

Nimesafisha kamera. Nimeviringisha waya wa chaja na kuufunga kwa uzi wa cherehani, nimevitia kwenye soksi, soksi ndani ya viatu vizuri. Mkwe amekwenda kunikatia tiketi ya Jumamosi. Alikuwa ameshafika barabarani akarudi mbio kuuliza kama akate na ya kurudi.

Nimemwambia itategemea betri inakaa na chaji kwa muda gani.